Siku ya kwanza saketini: kisa cha dada mmoja na chaguo tatu

Mhusika wa kisa hiki ni dada mmoja mwenye Honda CB500F, pikipiki ya cc 471, silinda mbili, isiyo na maganda ya plastiki ya kukinga upepo. Ana miaka mitatu barabarani. Alitaka kuendesha saketini, yaani kwenye njia maalumu ya mbio, kwa mara ya kwanza, na aliponifikia alikuwa ameshachuja matangazo ya siku za mazoezi mpaka yakabaki matatu. Alichotaka kutoka kwangu ni jibu la swali moja: saketi ipi kati ya hizi ni nzuri?

Karibu kila mgeni huanza na swali hilo, na kwa maoni yangu ndilo linalompotosha. Saketi nzuri ni nyingi. Kinachomjenga mgeni au kumvunja ni utaratibu wa siku yenyewe: ataingia na akina nani, wameruhusiwa kumpita wapi, na nani atamwambia amekosea kabla kosa halijamwangusha. Saketi moja hiyohiyo inaweza kuwa darasa siku ya Jumanne na vurugu tupu siku ya Jumamosi, kwa sababu mwandaaji ni mwingine.

Kwa asiyezijua siku hizi za saketini, si mashindano. Hakuna zawadi wala nafasi ya kwanza, na waandaaji wengi hukataza hata saa ya kupimia mzunguko, kwa kuwa bima yao inataka shughuli ibaki kuwa mazoezi. Washiriki hugawanywa kwa uwezo, aghalabu makundi matatu: wageni, wa kati na wazoefu. Kila kundi huingia kwa zamu ya dakika 15 hadi 20, likitoka linapisha jingine. Kwa mpangilio huo mtu hupata vipindi sita au saba kwa siku, ikiwa mvua na ajali hazijala muda.

Jina kubwa

Chaguo lake la kwanza, na ndilo lililokuwa moyoni, ni Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, katika zile siku ambazo yeyote, hata mwenye pikipiki, aliweza kulipa getini na kuingia (tangu 2025 pikipiki haziruhusiwi tena siku hizo). La pili lilikuwa siku ya wazi kwenye saketi kubwa ya mashindano ya kimataifa. La tatu lilikuwa saketi fupi ya kilomita mbili hivi, katikati ya wiki, makundi matatu, na kundi la wageni lenye darasa. Hilo la tatu alilitaja mwishomwisho, kama mtu anayetaja viatu vya akiba.

Nordschleife ina urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70. Siku hizo za getini, kisheria huhesabiwa kuwa barabara ya umma ya kulipia. Sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika, unampita mwenzio kwa upande wa kushoto tu, na wakati ule magari na pikipiki vilikuwa humo kwa pamoja. Mgeni aliweza kujikuta ameinamisha pikipiki kwenye kona isiyoonyesha mwisho wake, nyuma kuna Porsche yenye haraka zake, mbele kuna gari la familia lililokuja kutalii. Makundi ya uwezo hakuna. Mkufunzi hakuna, labda ujiandikishe kwenye kozi ambayo ni shughuli tofauti kabisa. Kingo za chuma ziko karibu na lami sehemu nyingi, na ukiziharibu utalipa.

Hatari hiyo ilimgusa kidogo tu. Watu wanaokwenda pale wanaijua na bado wanakwenda. Kilichombadilisha ni hesabu ya marudio. Kona hujifunzwa kwa kuirudia wakati bado unakumbuka ulichokifanya mara iliyopita: ulishika breki wapi, uligeuza wapi, ulikuwa gia ya ngapi. Mgeni akienda kwa wastani wa kilomita 90 kwa saa, kilomita 20.8 zitamchukua karibu dakika 14. Akirudi kwenye kona aliyoiharibu, ameshapita nyingine sabini na hakumbuki chochote. Kwenye saketi ya kilomita mbili, hata akienda taratibu zaidi, tuseme wastani wa 80, mzunguko mmoja ni sekunde 90. Kipindi cha dakika 20 kinampa kona ileile mara 13. Kwa vipindi sita, hata ukitoa mizunguko ya kuingia na kutoka, anaifikia zaidi ya mara 60.

Ndiyo maana saketi fupi, kama ile ya Indy pale Brands Hatch, Uingereza, yenye kilomita 1.9, humfaa anayeanza kuliko sifa zake zinavyosema. Mzoefu hulalamika kwamba inajirudia. Mgeni anahitaji ijirudie.

Ila saketi fupi ina kasoro yake, na ni lazima isemwe. Pikipiki 40 kwenye kilomita mbili ni foleni. Pikipiki hizohizo kwenye saketi ya Jerez, yenye kilomita 4.4 na kona 13, hazionani. Kwa hiyo urefu pekee hautoshi kuamua. Inabidi uulize idadi ya watu kwa kila kundi, na mwandaaji asiyekutajia idadi hiyo amekwisha kukujibu.

Maswali yaliyopelekwa kwa waandaaji wawili

Nordschleife ikawekwa kando. Kwa mbili zilizobaki, dada aliandika maswali yaleyale kwa kila mwandaaji. Kundi la wageni lina watu wangapi? Nani anaamua mtu aingie kundi gani? Kupita kunaruhusiwa wapi? Wakufunzi wangapi wanaingia njiani pamoja na kundi, na nikimhitaji mmoja anifuate, naongeza malipo? Kuna mizunguko ya kuonyeshwa njia kabla ya kuachiwa? Mvua ikinyesha, au nikighairi, nini kinafuata?

Mwandaaji wa siku ya wazi alijibu haraka na kwa adabu. Makundi ni mawili, la haraka na la polepole, na kila mtu hujichagulia. Kupita kunaruhusiwa popote palipo salama. Wakufunzi wapo, wanaweza kukodiwa. Sehemu ya mchana ni njia ya wazi, yaani vipindi vinafutwa na mtu huingia na kutoka anapotaka.

Hakuna ubaya wowote katika majibu hayo kwa mtu anayejua anachokifanya. Njia ya wazi ni raha kubwa kwa mzoefu, maana anaweza kusubiri msongamano upungue. Kwa mgeni, angalia neno "kujichagulia". Kila anayezijua siku hizi anajua kinachotokea kundi la haraka likijaa: waliochelewa kulipia hujiandikisha kundi la polepole, na mwendo wao hawauachi nyumbani.

Halafu kuna tofauti ya mwendo. CB500F ikipewa nafasi yote hufika kama kilomita 175 kwa saa. Pikipiki ya cc 1000 mwishoni mwa mnyoofu wa kilomita moja inaweza kuwa kwenye 260. Tofauti ya 85 maana yake inakujia kwa mita 23 hivi kila sekunde, na vioo vya pembeni umeshaambiwa uvitoe au uvifunike. Wengi wanaogopa mnyoofu kwa sababu hiyo. Mimi mnyoofu unanitisha kidogo kuliko kona inayofuata. Mgeni mwenye cc 1000 humpita mwenye cc 500 kama upepo, kisha akifika kwenye kona anashika breki mapema na kuinama kidogo, kwa kuwa nguvu za pikipiki ndizo zilizompitisha na ujuzi bado ni uleule. Mwenye pikipiki ndogo anaikuta kona imezibwa. Wakitoka, yule mkubwa anafungua mafuta na kupotea, mpaka kona nyingine. Pale kanuni ya kupita inapokuwa "popote palipo salama", wawili hawa watasumbuana kutwa nzima, na mmoja wao atapoteza subira.

Mwandaaji wa saketi fupi alichukua muda kujibu, na majibu yake yalikuwa marefu. Kundi la wageni mwisho watu 25. Wakufunzi watano wamo njiani katika kila kipindi, wamevaa fulana za rangi, na kumwomba mmoja akufuate hakuna malipo ya ziada. Vipindi viwili vya mwanzo hakuna kumpita mtu yeyote isipokuwa mkufunzi. Baada ya hapo kupita ni kwenye minyoofu, au kwa nje ya kona ukiacha mita mbili kati yenu. Kwa ndani ya kona, marufuku kutwa nzima. Kila baada ya kipindi, kundi linakwenda darasani badala ya kukaa kivulini. Wakati wa mapumziko ya mchana wakufunzi hukaa na kuhamisha watu: aliye haraka mno hupandishwa apende asipende, aliyejikweza hushushwa.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichoniridhisha. Kanuni ya kupita kila mwandaaji anaweza kuiandika. Mwandaaji anayethubutu kumhamisha mteja aliyelipa ana nia ya kuisimamia.

Palikuwa na njia ya nne ambayo hakuileta, nami nikaitaja: shule. California Superbike School, iliyoanzishwa na Keith Code mwaka 1980, hufundisha kwa ngazi nne kwenye saketi za nchi mbalimbali, na shule za aina hiyo mara nyingi huwa na pikipiki na mavazi ya kukodisha. Kwa mtu asiye na vazi la ngozi wala njia ya kusafirisha pikipiki, ningemwambia aanzie shuleni bila kusita, ingawa malipo yanazidi sana ya siku ya kawaida. Dada alikuwa na vazi, na alitaka kujifunza juu ya pikipiki anayopanda kila siku. Kwake, siku yenye darasa ilitosha.

Matayarisho

Hapa ndipo wageni hutumia pesa ovyo. Anataka kurekebishiwa shokomzoba, anataka tairi za mashindano, anataka ekzosi. CB500F yenye tairi za barabarani zilizo katika hali nzuri inamtosha mgeni na kumzidi. Kinachotakiwa ni pikipiki nzima: pedi za breki zenye unene wa kutosha, oili ya breki isiyozeeka, cheni isiyolegea wala kukazwa kupita kiasi, bolti zote zimekazwa, hakuna tone linalovuja.

Yeye tayari alikuwa amefunga ekzosi ya dukani, na hiyo ilitaka kumfukuzisha. Saketi nyingi zina kikomo cha kelele, kwa sababu ya majirani. Kipimo cha pikipiki iliyosimama hufanywa kwa kuweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, injini ikizungushwa hadi mizunguko iliyopangwa. Uingereza kikomo cha desibeli 105 ni cha kawaida, na kuna siku zenye kikomo kikali zaidi. Ukishindwa, hakuna wa kumlilia, unapakia unarudi. Akaifungua ile ya dukani akarudisha ya kiwandani. Kazi ya bolti chache.

Vazi lake lilikuwa la vipande viwili, jaketi na suruali za ngozi, na zipu ya kuyaunganisha ilikuwa fupi, ya mgongoni tu. Mwandaaji alitaka zipu inayozunguka kiuno chote. Sababu yake ni rahisi: mtu akiburuzika kwenye lami jaketi hupanda na ngozi yake mwenyewe ndiyo inayobaki. Fundi wa ngozi akashona zipu nyingine. Helmeti ilikuwa ya kufunika uso wote, yenye kibandiko cha ECE 22.05, yaani kiwango cha usalama wa helmeti, ikakubalika. Toleo jipya ni 22.06, na kwingineko wanadai kiwango kingine kiitwacho Snell, kwa hiyo ni jambo la kuuliza. Glavu lazima zifunike kifundo cha mkono, buti zipite kifundo cha mguu, na kinga ya mgongo isikosekane. Vazi lenye mfuko wa hewa limekuwa lazima kwenye MotoGP, mashindano ya juu kabisa ya pikipiki duniani, tangu 2018. Kundi la wageni kwa kawaida halidai hivyo, ila anayelimudu asisite.

Siku yenyewe ilitaka dakika chache za kazi. Vioo nje, taa na indiketa zifungwe tepu ili zikivunjika vipande visitapakae njiani. Kulanti yenye glaikoli huteleza kama sabuni ikimwagika, kwa hiyo waandaaji wengine hudai maji matupu kwenye rejeta, hasa kwa makundi ya juu. Huyu hakudai.

Upepo wa tairi ulizua ubishi. Kitabu cha pikipiki kinasema psi 36 mbele na 42 nyuma. Hesabu hiyo ni ya barabarani, yenye abiria na mizigo ndani yake. Saketini tairi hupata joto kali, na upepo huongezeka pamoja nalo, kisha sehemu inayogusa lami inapungua. Wakufunzi huteremsha, na kwa tairi za barabarani wengi hukaa kwenye 30 hadi 32 tairi zikiwa bado baridi. Jirani yake padoki, pale pikipiki zinapoandaliwa, alimwambia ashuke hadi 26, kwa kuwa ndivyo yeye anavyofanya kwenye tairi zake laini za mashindano. Tairi si moja, na hesabu ya tairi laini haihamishiki. Alikaa kwenye 32 mbele na nyuma, na kipimo cha upepo kikabaki mfukoni, maana kurudi barabarani ukiwa na 32 nyuma nako si vizuri.

Na bima. Bima ya kawaida ya barabarani mara nyingi haihesabu kuendesha saketini, hata pasipo mashindano. Fomu aliyosaini asubuhi ilimwambia wazi kwamba hatari ni yake. Alikuwa amesoma mkataba wake wa bima kabla, akajua kwamba pikipiki ikivunjika ni yake na hasara ni yake, na akaja nayo kwenye trela ya kukodi badala ya kuiendesha. Ushauri huu wa trela hupuuzwa sana. Anayekuja juu ya pikipiki yake na kuondoka juu yake anaingia kila kipindi akiwa na wazo moja kichwani: nikianguka nitarudije?

Siku yenyewe

Mkutano wa asubuhi ni lazima, na kitepe cha mkononi hupewi mpaka uhudhurie. Kiini chake ni bendera. Njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Njano yenye mistari myekundu ni lami inayoteleza au kuna kitu kimedondoka. Nyeusi ikielekezwa kwako, rudi piti, yaani eneo la kutokea kando ya saketi. Ya miraba myeusi na myeupe, kipindi kimekwisha. Nyekundu ni kipindi kimesimamishwa, na hapa waandaaji hawafanani: wengi wanataka uinue mkono, upunguze, urudi piti taratibu, baadhi, hasa Marekani, wanataka usimame pembeni mahali unapoonwa na kituo cha bendera. Anayehama kutoka kwa mwandaaji mmoja kwenda mwingine asidhani anajua.

Kipindi cha kwanza walizungushwa nyuma ya mkufunzi, watano watano, kila mzunguko aliyekuwa wa kwanza nyuma yake akijitoa na kwenda mkiani ili wote waone njia kwa karibu. Koni ziliwekwa mahali pa kushika breki, pa kugeuzia, na kwenye sehemu ya ndani kabisa ya kona. Dada alitoka amekunja uso. Kila alipoingia kona ya tatu alijikuta mbali na koni ya ndani, karibu mita mbili. Mkufunzi alimfuata darasani.

"Dada, ukiingia ya tatu macho yako yanakuwa wapi?"

"Kwenye taa ya nyuma ya aliye mbele yangu, mwalimu."

"Naye aliye mbele yako alikuwa amekosea njia. Ukamfuata vizuri sana."

Kipindi kilichofuata alimwomba aache nafasi ya pikipiki nne au tano, na ageuze kichwa kuitafuta koni ya ndani kabla hajaanza kuinamisha. Kuanzia hapo umbali ule ukapungua bila yeye kuongeza mwendo hata kidogo.

Tukio zito la siku lilitokea katika kipindi hicho hicho cha pili, nalo linastahili nafasi. Saketi ile huzungushwa kwa mwelekeo wa saa, na kona zake nyingi ni za kulia. Ya kwanza ya kushoto huja baada ya za kulia tatu mfululizo. Katika mzunguko wa pili, alipoinama kushoto, mkia wa pikipiki uliteleza kidogo kisha ukashika. Hakuanguka. Aliiacha pikipiki ijinyooshe, akapanua njia, akamaliza kona pole pole.

Kilichotokea kina maelezo ya wazi. Tairi hupata joto pale inapotumika. Kona za kulia hupasha upande wa kulia wa tairi, na upande wa kushoto unabaki baridi, ukipigwa upepo kwenye minyoofu. Mtu anahisi pikipiki inashika vizuri, anajiamini, na kujiamini huko kumetoka upande mwingine wa tairi. Mabingwa wa dunia wanalijua hilo kwa maumivu. Sachsenring, Ujerumani, yenye kilomita 3.67, ina kona kumi za kushoto na tatu tu za kulia, na kona ya 11, ya kulia, inayoanza kushuka baada ya msururu mrefu wa kushoto, imeangusha waendeshaji wa MotoGP wasiohesabika. Wenzetu hao wana tairi zilizotengenezwa kwa mpira wa aina tofauti kushoto na kulia. Mgeni mwenye tairi za barabarani ana dawa moja: mizunguko miwili ya mwanzo ya kila kipindi, kona za upande uliotumika kidogo aziingie kama barabara imelowa.

Kwa nini hakuanguka? Bahati ipo, lakini utaratibu una sehemu yake. Hakuna aliyekuwa ndani yake kwenye ile kona, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuwa pale. Alipopanua njia alikuwa na lami yote. Katika siku ya wazi, nafasi ile ya ndani au ya nje ingeweza kuwa na mtu.

Baada ya mapumziko ya mchana palitokea jamaa mmoja mwenye cc 1000 aliyempita kwa ndani kwenye kona ya mwisho, karibu sana. Bendera nyeusi ilimsubiri mzunguko uliofuata. Alikaa piti kipindi chote kilichobaki, wakazungumza naye, na vipindi vilivyofuata alikuwa mpole. Dada alisema mshtuko wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa tairi, maana tairi alielezwa sababu yake.

Neno kuhusu goti. Katika kila kundi la wageni kuna mmoja aliyekuja kuligusisha goti lake lami ili apate picha, na siku ile alikuwapo. Alikuwa ananing'inia pembeni huku pikipiki imesimama karibu wima, akishika mishikio kama anayeogopa kuporwa. Mikono iliyokakamaa hailegei, inapinga pikipiki isigeuke. Goti hugusa lenyewe mwendo na mwinamo vikifika; anayelitafuta humaliza siku na misuli inayouma na kona alizoziharibu. Dada aliambiwa akae tu katikati ya kiti, abane tangi kwa mapaja, na kiwiko kilegee kiasi kwamba mkufunzi akikisukuma kitikisike. Alitumia kipindi kizima cha nne kwa hilo peke yake.

Katika kipindi cha tano breki ndizo zilizomshughulisha. Barabarani alikuwa amezoea kugusagusa breki mpaka katikati ya kona. Hapa alifundishwa kumaliza sehemu kubwa ya kazi pikipiki ikiwa wima, kisha aachie taratibu kadiri anavyoinama. Alianza kushika mapema kupita kiasi, mita thelathini kabla ya koni, na mkufunzi hakumharakisha. Alimwambia asogeze mahali pa kushikia kwa urefu wa pikipiki moja kila mzunguko, na aache kusogeza pale ambapo anaanza kuhofu.

Kipindi cha mwisho hakuingia. Saa kumi na nusu, jua kali, shingo imechoka, amekuwa ndani ya ngozi tangu asubuhi. Wakufunzi wengi watakwambia kipindi cha mwisho ndicho cha kuachwa, kwa kuwa mwili umechoka na kichwa kinataka kulipiza mizunguko yote ya siku. Wenzake wawili wa kundi walimcheka kidogo. Mmoja wao alirudi juu ya trela ya uokoaji, mzima wa mwili, kishikio kimepinda na rejeta imetoboka.

Ningebadilisha nini kama mhusika angekuwa mwingine

Kama angekuwa na cc 1000, ningesisitiza saketi fupi zaidi ya hapo, maana mnyoofu mrefu humfundisha mgeni mwenye nguvu nyingi jambo moja tu, kufungua mafuta. Kama angekuwa na pikipiki ya cc 300 au 400, tuseme Yamaha R3 au Ninja 400, ningemruhusu hata saketi ya kati, ilimradi kanuni ya kupita ibaki kali. Kama angeishi mbali na saketi yoyote yenye kundi la wageni la kweli, ningemwambia asafiri siku nzima kwenda kwa mwandaaji huyo kuliko kwenda kwa wa wazi aliye jirani.

Kama siku hiyo ingekuwa ya mvua, ningetaka aende vilevile. Mvua humpunguzia kila mtu mwendo na humfundisha mkono wa mafuta kuwa mpole. Wengi hughairi, kundi hubaki na watu wachache, na wakufunzi wanabaki walewale watano.

Mwishoni mwa siku mwandaaji alimpa karatasi yenye alama zake: macho na njia vizuri, breki bado, mwili unakakamaa akichoka. Wale wa kundi la kati walimwita ahamie kwao siku ijayo, kwa kuwa mwendo wake wa saa nane mchana ulikuwa unatosha. Ameamua kurudi kundi la wageni mara moja zaidi, saketi ileile, na ameomba mkufunzi yuleyule amtazame breki. Nordschleife bado anaitaka. Safari hiyo ameiahirisha mpaka mwakani, na kwa njia ya kozi yenye mkufunzi.